Mali na Sumu Katika Takataka

Zamani chombo kikivunjika kilirudi kuwa udongo: chungu, kikapu, hata mpini wa jembe. Vyombo vya siku hizi havifanyi hivyo. Simu, redio na kompyuta zikifa hutiwa uvunguni au hutupwa jalalani, nasi hudhani mambo yamekwisha. Kumbe ndipo yanapoanza. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitoa tani milioni 62 za taka hizo. Zilizojulikana kushughulikiwa ipasavyo hazikufika robo.

Tuitazame simu moja. Ndani mna shaba, fedha, na dhahabu kidogo sana. Betri za simu nyingi zina kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Hayo ni mali. Lakini katika vyombo vingi vya zamani mna pia risasi: imo katika lehemu iungayo vipande, na katika vioo vizito vya televisheni.

Watu wengine huchoma nyaya ili wapate shaba. Huko Accra, nchi ya Ghana, vijana wa Agbogbloshie walifanya kazi hiyo miaka mingi. Soko lao la vyuma lilibomolewa mwaka 2021, lakini kazi haikukoma. Ilihamia mitaa ya karibu. Plastiki ya nyaya ikiungua hutoa sumu kali iitwayo dioksini. Risasi nayo hukaa katika vumbi. Mtoto atambaaye hulishika, hutia mkono kinywani, na ubongo wake hudhurika kwa maisha yote. Basi mchomaji hupata shilingi chache, na jirani hupata hasara isiyolipika.

Iko njia bora. Katika wilaya ya Bugesera, Rwanda, kipo kiwanda kipokeacho vyombo hivyo. Kompyuta zinazofaa hutengenezwa zikatumika tena. Zisizofaa hufunguliwa, na kila kitu hutengwa mahali pake.

Nasi wanafunzi tufanye nini? Kinachotengenezeka tukipeleke kwa fundi. Betri tusiichome, tusiitoboe, wala tusiitupe chooni. Vilivyokufa kabisa tuviweke pakavu mpaka vichukuliwe na wakusanyaji. Sanduku moja katika stoo ya shule latosha kuanzia. Na ninyi ndugu zetu mliosoma hapa, ambao maofisini mwenu mna kompyuta kuukuu, msituletee zile zisizowaka kama zawadi. Tuonyesheni njia ya kumfikia mkusanyaji.