Chuo cha Sera za Umma: Anza na Orodha ya Masomo, Jina Lije Baadaye

Julai 2021 Watanzania walianza kulipa tozo ya miamala ya simu. Ilianzia shilingi 10 na kufika shilingi 10,000 kwa muamala mmoja, kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Malalamiko yalikuja haraka, na Septemba mwaka huohuo Serikali ikapunguza viwango kwa asilimia 30. Fedha za barabara, madarasa na vituo vya afya zilihitajika kweli. Lakini hatua ya namna hiyo ina maswali yake. Gharama ikipanda, ni watu wangapi watarudi kubeba fedha taslimu? Mzigo utamwelemea nani zaidi, mfanyabiashara wa Kariakoo au bibi wa kijijini anayetumiwa shilingi elfu ishirini na mjukuu wake? Miamala ikipungua, mapato yatakayopotea ni kiasi gani ukilinganisha na yatakayopatikana?

Kuuliza maswali hayo mapema, kuyajibu kwa takwimu na kumweleza waziri majibu kwa kurasa mbili ni ujuzi, na ndio unaofundishwa katika shahada ya uzamili ya sera za umma. Kila msimu wa maombi unapokaribia, vijana waliomaliza shahada ya kwanza na watumishi walioko kazini huniuliza chuo kipi ni bora. Nami huwaomba mambo mawili: wanioneshe orodha ya masomo ya lazima ya chuo wanachokitaka, kisha waniambie wanataka kurudi kufanya kazi gani. Jina la chuo linaweza kukufikisha kwenye usaili. Ukishakaa mezani na faili mbele yako, unabaki na ulichojifunza.

Sera au utawala?

Waombaji wengi huchanganya shahada mbili zinazofanana kwa sura. Uzamili wa utawala wa umma, unaofupishwa MPA, ulizaliwa kwa haja ya kuendesha ofisi za serikali: watumishi, bajeti, manunuzi, serikali za mitaa. Nchini Marekani, Shule ya Maxwell ya Chuo Kikuu cha Syracuse ilianzishwa kwa kazi hiyo mwaka 1924. Uzamili wa sera za umma, MPP, ulikuja baadaye. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley kilifungua shule iliyolenga uchambuzi: kulipima tatizo, kulinganisha njia za kulitatua na kupendekeza mojawapo kwa hoja zinazoweza kukaguliwa.

Kwetu, mila ya utawala ndiyo yenye mizizi mirefu. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, mwaka 1972, na mwaka 2001 ikawa chuo kikuu. Rais Samia Suluhu Hassan alipata hapo stashahada ya juu ya utawala wa umma mwaka 1986. Anayetaka kuwa mkurugenzi wa halmashauri au ofisa utumishi mwandamizi hana sababu ya kuiona mila hiyo kuwa ya daraja la pili.

Hata hivyo, usiamini jina la shahada peke yake. MPA ya Chuo Kikuu cha Princeton imejaa uchumi na takwimu kuliko MPP za vyuo vingi. Shule ya Kennedy ya Chuo Kikuu cha Harvard ina MPP ya miaka miwili, ina MPA ya mwaka mmoja kwa watu wenye uzoefu wa kazi usiopungua miaka saba, na ina MPA ya maendeleo ya kimataifa isiyompokea mtu asiyesoma kalkulasi na uchumi. Shule ni moja, lakini kila mlango una mwombaji wake. Anayepeleka maombi kwa sababu ya jina la Harvard pekee anaweza kupoteza ada ya maombi kwa kugonga mlango usio wake.

Masomo ya lazima hayafichi kitu

Kila chuo huandika kwenye kipeperushi chake kwamba kinaandaa viongozi wa kesho. Orodha ya masomo ya lazima husema zaidi. Kwa maoni yangu, shahada nzuri ya sera ina nguzo tano zisizokwepeka: uchumi wa maamuzi ya watu na masoko, takwimu na tathmini ya athari, bajeti na fedha za umma, siasa ya namna maamuzi yanavyopitishwa, na uandishi wa sera. Chuo kikikosa mojawapo, uliza kwa nini. Kikikosa mbili, tafuta kingine.

Nguzo ya takwimu ndiyo inayowatisha wengi, na ndiyo ninayoitetea kwa nguvu zaidi. Chukua utafiti wa KiuFunza uliofanywa na taasisi ya Twaweza mwaka 2013 na 2014 katika shule za msingi 350 zilizo kwenye wilaya 10 za Tanzania. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kundi la pili halikupewa ruzuku, bali walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi atakayefaulu mtihani wa somo lao. Kundi la tatu lilipata vyote viwili, na shule zilizobaki hazikupata chochote ili ziwe kipimo cha kulinganishia.

Ruzuku peke yake haikuongeza alama za wanafunzi. Sababu mojawapo ni kwamba fedha za shule zilipoongezeka, wazazi walipunguza walichokuwa wakitumia wenyewe kwa elimu ya watoto wao. Motisha ya walimu peke yake ilileta matokeo ya kusuasua: yalionekana kwenye mtihani uliobeba malipo yao, lakini si kwenye mtihani mwingine wa kupima ujuzi. Shule zilizopata vyote viwili ndizo zilizopanda, na zilipanda kuliko hata ukijumlisha matokeo ya njia hizo mbili kila moja peke yake.

Fikiria sasa ofisa wa wizara asiyejua kusoma utafiti wa namna hiyo. Atapendekeza ruzuku iongezwe, kwa moyo safi kabisa, na mabilioni yatakwenda bila mtoto mmoja kusoma vizuri zaidi. Aliyesoma tathmini ya athari atajua kuuliza kundi la kulinganishia liko wapi, shule zilichaguliwaje, na fedha zilipofika nani alibadili mwenendo wake. Maswali hayo hufundishwa darasani, na chuo kisichoyafundisha hakistahili miaka yako miwili.

Utafiti huo una funzo jingine kwa mwombaji. Isaac Mbiti, mmoja wa walioandika matokeo yake, anafundisha katika shule ya sera za umma ya Chuo Kikuu cha Virginia. Unapopitia tovuti ya chuo, fungua ukurasa wa wahadhiri na utafute wanaofanya utafiti Afrika Mashariki au juu ya tatizo linalokukereketa, liwe maji, ardhi, kodi au afya. Mhadhiri mmoja wa aina hiyo atakusimamia kwenye tasnifu, atakukutanisha na watafiti wenzake na atakuandikia barua yenye uzito. Kipengele hiki huwa hakionekani kabisa kwenye orodha za ubora wa vyuo.

Angalia pia kama wanafunzi hufanya kazi kwa mteja wa kweli. Katika Shule ya Kennedy, mwanafunzi wa MPP wa mwaka wa pili huiandikia taasisi halisi uchambuzi wa tatizo lake. Eugene Bardach, aliyefundisha Berkeley kwa muda mrefu, aliipanga kazi ya mchambuzi kwa hatua nane: kulifafanua tatizo, kukusanya ushahidi, kuandaa njia mbadala, kuchagua vigezo, kukadiria matokeo, kupima unachopata na unachopoteza, kuamua, na kueleza. Hatua hizo zinakaririka kwa saa moja. Kuzifanya mbele ya mteja mwenye haraka na bajeti finyu ndiko kunakohitaji chuo.

Nyumbani, jirani au ng'ambo

Kusoma karibu na nyumbani kuna faida zake. Unakusanya takwimu kwenye uwanja utakaoufanyia kazi, na walio darasani nawe ndio watakaokuwa wakurugenzi wenzako. Mbali na Mzumbe na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna uzamili wa utafiti na sera za umma ulioandaliwa kwa ushirikiano na PASGR, taasisi yenye makao Nairobi, na unaofundishwa katika vyuo vikuu kadhaa vya Afrika. Kwa Mkenya kijana, mwaka mmoja wa mafunzo katika taasisi ya utafiti wa sera ya KIPPRA unaweza kumwonesha kama kazi hii inamfaa kabla hajaingia gharama ya uzamili. Afrika Kusini kuna Shule ya Mandela ya Chuo Kikuu cha Cape Town, yenye programu inayowalenga watu walioko kazini, na Shule ya Utawala ya Chuo Kikuu cha Wits, Johannesburg.

Ng'ambo, jambo la kwanza la kutazama ni muda. Shule ya Blavatnik ya Oxford, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2012, hutoa MPP kwa mwaka mmoja. Hiyo humfaa mwenye msingi wa takwimu na kazi inayomsubiri. Ukianza na hisabati iliyolala tangu sekondari, mwaka mmoja utakupita kama basi la usiku. Programu ya miaka miwili, kama ya Shule ya Willy Brandt ya Chuo Kikuu cha Erfurt, Ujerumani, au ya Shule ya Lee Kuan Yew, Singapore, itakupa nafasi ya kujenga msingi na kufanya mafunzo kwa vitendo. Asia isisahaulike: Shule ya KDI ya Korea Kusini ilijengwa juu ya taasisi iliyoshiriki kupanga uchumi wa nchi hiyo, na kwa nchi zetu historia hiyo ina mengi ya kufundisha.

Daftari la fedha

Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye elimu ya ng'ambo msemo huu una ukweli mchungu. Ufadhili wa nusu ada unaonekana kama ushindi kwenye barua, lakini nusu iliyobaki, pamoja na pango, chakula, bima na viza, inaweza kuzidi mshahara wako wa miaka mingi. Usiuze kiwanja kwa ajili ya uzamili wa sera. Shahada hii huzaa ajira za umma, za utafiti na za mashirika, na mishahara yake ya mwanzo hailipi deni la namna hiyo.

Tafuta kwanza palipo na ufadhili kamili. Princeton hugharimia ada ya wanafunzi wa MPA yake. Chevening, ya Serikali ya Uingereza, hulipia uzamili wa mwaka mmoja, hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na mnufaika hutakiwa kurudi nchini kwake kwa miaka miwili. Ujerumani, kupitia DAAD, ina programu ya Helmut Schmidt kwa ajili ya sera za umma na utawala bora, na Erfurt ni mojawapo ya vyuo vyake. Anza maandalizi mwaka mzima kabla: vyeti, mtihani wa Kiingereza, pasipoti na wadhamini wa kitaaluma huchukua muda kuliko unavyodhani. Ukiwa mtumishi wa umma, ruhusa ya mwajiri iombwe mapema na ipatikane kwa maandishi.

Kabla ya kulipa hata senti moja, hakikisha chuo kinatambuliwa. Tanzania kazi hiyo ni ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na Kenya ina Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Mafunzo ya mtandaoni yamerahisisha mambo mengi, yakiwamo kuuza vyeti visivyo na thamani.

Waulize waliopita, kisha andika

Kuuliza si ujinga. Watafute wahitimu wawili au watatu wa chuo hicho wanaotoka ukanda wetu, waandikie kwa adabu na uulize mambo mahususi. Ni somo gani walilitumia kazini mwaka wa kwanza? Wahadhiri wenye majina makubwa walikuwa wanafundisha kweli au walionekana siku ya kufungua chuo tu? Ilichukua muda gani kupata kazi, na kazi gani?

Majibu hayo yatakusaidia pia kuandika maelezo yako ya maombi. Barua nyingi husema mwombaji ana ndoto ya kuitumikia nchi yake, na msomaji wa kamati amekutana na sentensi hiyo mara nyingi mno. Mweleze tatizo moja ulilolishuhudia: kisima cha mradi kilichokaa miezi bila pampu kwa sababu jumuiya ya watumia maji haikuwa na mamlaka ya kupanga bei, au zahanati iliyopata jengo bila kupangiwa mtumishi. Eleza nani aliamua nini, kwa nini ilishindikana, na ni ukosefu wa ujuzi gani uliokukosesha jibu. Kisha onesha masomo ya chuo hicho yanayoujaza upungufu huo. Ukishindwa kuyataja, huenda hicho si chuo chako.

Wito wangu wa mwisho ni kwa maofisa mipango, wachumi na maofisa maendeleo ya jamii walioko halmashauri na kaunti. Wengi wenu mnadhani vyuo hivi ni vya watu wa wizarani. Nyinyi ndio mnaoiona sera ikifanya kazi au ikikwama, na ndio wanafunzi ambao madarasa hayo yanawahitaji. Msimu huu chagueni vyuo vitatu, linganisheni masomo yao ya lazima, na ombeni kile kitakachowalazimisha kujifunza mnachokikwepa.