Uwanja wa Mbio za Magari: Gharama Si Lami Peke Yake



Siku moja nilikuwa Murukulazo, wilaya ya Ngara. Tulikuwa tumemaliza kukagua mnyauko wa migomba. Tukakaa chini ya mti kupumzika. Kijana mmoja akaniuliza:

"Bwana shamba, jirani zetu wa Rwanda wanataka kujenga uwanja wa mbio za magari. Mbona na sisi tusijenge hapa? Vijana tutapata kazi."

Mzee mmoja akamtazama. Akasema: "Mwanangu, uwanja huo utakula mashamba mangapi? Na mvua ikinyesha, maji yataenda wapi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Maswali ya mzee ndiyo maswali ambayo mafundi huanza nayo. Leo tuyajibu pamoja.

Habari yenyewe

Habari aliyoisikia kijana ni ya kweli. Mwezi wa Desemba 2024, huko Kigali, Rais Paul Kagame alitangaza kwamba Rwanda inaomba kuandaa mashindano ya magari yanayoitwa Formula 1. Haya ni mashindano makubwa ya dunia. Magari yake hupita kilomita 300 kwa saa. Mahali palipotajwa kwa uwanja ni karibu na uwanja mpya wa ndege wa Bugesera. Aliyetajwa kuuchora ni Alexander Wurz wa Austria, ambaye zamani alikuwa dereva wa mashindano hayo.

Kuomba si kupata, na kuchora si kujenga. Afrika iliwahi kuwa na mashindano haya. Mara ya mwisho yalifanyika mwaka 1993 katika uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini. Tangu hapo ilipita zaidi ya miaka thelathini bila mashindano hayo kurudi barani kwetu. Kwa nini? Sababu kubwa ni gharama. Tuzitazame moja moja.

Gharama ya kwanza: ardhi

Barabara ya mashindano hujengwa kwa upana wa meta 12 au zaidi. Pale magari yanapoanzia, upana ni meta 15. Tuseme barabara ina urefu wa kilomita 5. Zidisha meta 5,000 kwa meta 12. Utapata meta za mraba 60,000. Hizo ni hekta 6, yaani kama ekari 15.

Utasema: "Ekari 15 si nyingi." Ngoja kwanza. Barabara peke yake si uwanja. Pembeni panatakiwa eneo la wazi, ili gari likipoteza njia lipunguze mwendo kabla ya kugonga. Panatakiwa majukwaa ya watazamaji, karakana, maegesho ya magari na njia za kuingia na kutoka. Huko India, karibu na mji wa Delhi, ulijengwa uwanja wenye barabara ya kilomita 5 na kidogo. Uwanja mzima ulichukua karibu ekari 875.

Sasa piga hesabu ya nyumbani. Kama kila kaya inalima ekari 2, ekari 875 ni mashamba ya kaya zaidi ya 430. Uwanja huo ulipofunguliwa mwaka 2011, wakulima wa pale walikuwa bado wanalalamika kuhusu fidia ya ardhi yao. Mbio zilikuwa zinakaribia kuanza, na wao walikuwa hawajaridhika.

Gharama ya pili: udongo na maji

Gari la mashindano hukaa chini sana. Kutoka ardhini hadi tumbo la gari ni sentimeta chache tu. Kwa hiyo barabara haitakiwi kuwa na bonde wala kichuguu. Udongo wa juu, ule mweusi tunaoupenda kwa maharage, huondolewa wote. Kisha hushindiliwa udongo mgumu, halafu kokoto, halafu lami tabaka juu ya tabaka.

Lakini adui mkubwa ni maji. Maji yakikaa chini ya lami, udongo hulainika na lami hupasuka. Maji yakikaa juu ya lami, gari huteleza. Kwa hiyo barabara hulazwa upande kidogo ili maji yatiririke, na mitaro huchimbwa kila mahali. Katika nchi ya vilima na mvua kama Ngara, kazi hii ni kubwa zaidi. Kilima hukatwa, bonde hujazwa, na udongo uliojazwa lazima ushindiliwe vizuri usije ukatitia.

Usifikiri matajiri hawakosei. Novemba 2023, huko Las Vegas, Marekani, mazoezi ya magari haya yalisimama baada ya dakika chache tu. Kifuniko kimoja cha chuma cha mfereji wa maji kilichomoka barabarani na kuharibu gari la dereva Carlos Sainz. Mamilioni ya dola yalikuwa yametumika, lakini kifuniko kimoja kilisimamisha kazi yote.

Na mimi niwaambieni kosa langu. Miaka mingi iliyopita nilikuwa katika kijiji kimoja. Wananchi walijitolea kwa majembe na sururu, wakalima barabara hadi ghala la kahawa. Mzee mmoja aliuliza kuhusu mitaro. Mimi nilisema: "Mitaro itafuata baadaye." Masika ilipofika, maji yalikata barabara mahali patatu. Gari la kuchukua kahawa halikuweza kupita. Wakulima walibeba magunia kichwani mpaka barabara kuu. Jasho la wiki nyingi lilikwenda na maji ya wiki moja. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia habari ya barabara, mimi huuliza kwanza mitaro.

Gharama ya tatu: usalama

Mwezi wa Juni 1955, katika mji wa Le Mans, Ufaransa, gari moja liligonga jingine na kurukia watazamaji. Zaidi ya watu 80 walikufa. Baada ya msiba huo, dunia ilijifunza kwamba watazamaji lazima walindwe.

Leo uwanja mkubwa lazima uwe na vizuizi vya chuma, kuta za matairi na nyavu ndefu. Lazima uwe na zahanati yake yenye madaktari, wazima moto, na helikopta ya kumkimbiza majeruhi hospitali. Wakaguzi wa chama cha dunia cha mchezo huu hufika kuukagua. Wasiporidhika, hakuna mbio.

Gharama ya nne: kuulea uwanja

Wazee walisema: kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hapa ndipo wengi wameshindwa.

Inakadiriwa kwamba uwanja ule wa India uligharimu kama dola milioni 400 za Marekani. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi trilioni 1. Trilioni ni milioni moja mara milioni moja. Pamoja na fedha zote hizo, mashindano ya Formula 1 yalifanyika pale mara tatu tu: mwaka 2011, 2012 na 2013. Kukawa na ugomvi wa kodi, mashindano yakaondoka. Kampuni iliyojenga uwanja ikazama katika madeni.

Korea ya Kusini nayo ilijenga uwanja huko Yeongam. Mkataba ulikuwa wa miaka saba. Mashindano yalifanyika miaka minne, kuanzia 2010 hadi 2013, yakakoma kwa sababu ya hasara. Hata Kyalami, uwanja wenye sifa, ulipigwa mnada mwaka 2014.

Sababu ni hii. Mashindano huja mara moja kwa mwaka, kwa siku tatu. Mwenye uwanja hulipa ada kubwa ili yaje. Siku nyingine zote lami inapigwa na jua na mvua. Walinzi wanataka mshahara. Nyasi zinataka kufyekwa. Asipopata kazi nyingine ya kuupa uwanja, unakuwa kama trekta lililoegeshwa chini ya mwembe.

Je, hakuna njia nyingine?

Ipo. Afrika Mashariki ilikimbiza magari bila kujenga uwanja. Mwaka 1953 yalianza mashindano ya Safari. Magari yalipita katika barabara za kawaida za Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na tope. Mwaka 1963 magari 84 yalianza, yakamaliza 7 tu. Mwaka 1968 pia yalimaliza 7. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu: 1965, 1974 na 1976. Mwaka 2021 Safari ilirudi katika mashindano ya dunia, na magari yakakimbia katika njia za vumbi huko Naivasha.

Waingereza nao walitumia akili. Uwanja wao wa Silverstone ulikuwa uwanja wa ndege za vita. Vita vilipokwisha, walikimbiza magari palepale kuanzia mwaka 1948. Walianza na kitu walichokuwa nacho.

Tujifunze nini?

Sisemi kwamba majirani zetu wasijenge. Kila nchi hupanga mambo yake. Wala sisemi kwamba kijana wa Murukulazo alikosea. Kijana asiyeota makubwa hafiki mbali. Ninachosema ni hiki: bei ya kujenga kitu ni nusu tu ya bei yake. Nusu ya pili ni kukitunza.

Hili ni kweli kwa uwanja wa magari, na ni kweli kwa kisima, josho, zahanati na barabara ya kijiji. Mradi wowote ukija kijijini, mkubwa au mdogo, ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanakijiji haki ya kusikilizwa kabla ardhi yao haijachukuliwa, na fidia lazima ikubaliwe kwanza. Haki hiyo haina faida kwa mtu asiyehudhuria mkutano.

Nilipoondoka siku ile, kijana na mzee walikuwa bado wanabishana. Kijana alikuwa amechukua kijiti. Alikuwa anachora barabara chini, na pembeni yake alikuwa anachora mitaro.

Maswali ya kujadili

1. Mradi gani kijijini kwenu ulijengwa vizuri lakini haukutunzwa? Nini kilikosekana?
2. Barabara yenu ina mitaro? Nani anaisafisha kabla ya masika?
3. Mtu akitaka ekari 100 za kijiji, mtamwuliza maswali gani matatu ya kwanza?
4. Tuna kitu gani tayari ambacho tunaweza kuanza nacho?