Tusiwaue Walinzi wa Tumbo

Mtoto anaharisha tangu alfajiri. Mama anakumbuka kuwa kabatini kuna vidonge vya rangi mbili vilivyobaki baba alipougua kifua. Anafungua kimoja, anakoroga unga wake katika maji na kumnywesha mtoto. Jioni kuharisha kumezidi. Je, mama huyu amekosea wapi?

Ndugu msomaji, wengi wetu tukisikia neno "bakteria" twafikiria kipindupindu au homa ya matumbo. Ni kweli, wapo bakteria waletao maradhi. Lakini katika utumbo wa kila mtu, hasa utumbo mpana, wanaishi mabilioni ya bakteria wengine ambao ni rafiki zetu. Kazi zao ni hizi:

1. Humeng'enya makapi ya chakula yaliyolishinda tumbo, na kutokana nayo hulisha ukuta wa utumbo.
2. Hutengeneza baadhi ya vitamini, kama vitamini K inayosaidia damu kuganda.
3. Hulinda. Wakijaa utumboni, bakteria wabaya hukosa nafasi na chakula.

Dawa za antibiotiki hazichagui kati ya rafiki na adui. Tena, kuharisha kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Hivyo mama yule amewapiga walinzi na kumwacha mwizi ndani. Zaidi ya hayo, bakteria wabaya wanaobaki huizoea dawa, na siku ya kuihitaji kweli haitafanya kazi.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi (ORS) mara kwa mara, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama utakavyoelekezwa zahanati. Aendelee kunyonya na kula. Ukiona damu katika choo, macho yamedidimia, amelegea au hawezi kunywa, usingoje kesho. Mpeleke zahanati mara moja. Mganga akiandika antibiotiki, zitumie kama alivyoagiza, wala usiweke akiba ya mgonjwa mwingine.

Walinzi hawa twawalishaje?

Kwanza, maziwa ya mama. Mwaka 1899 huko Paris, daktari Henri Tissier aliwatambua bakteria rafiki katika choo cha watoto wanaonyonya. Leo twajua kuwa maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya; ni chakula cha bakteria hao. Mtoto anyonye tu, bila hata maji, hadi miezi 6. Dawa alizoandikiwa, pamoja na ORS, haziharibu utaratibu huu.

Pili, maharage, kunde, ugali wa dona, mboga za majani na matunda. Makapi yake ndiyo karamu yao.

Tatu, mtindi, kwa wakubwa na watoto waliokwisha kuanza kula. Chemsha maziwa kwanza, kwani maziwa mabichi huweza kuleta kifua kikuu. Yaache yawe vuguvugu, tia vijiko viwili vya mtindi mzuri, funika, na uyaache usiku kucha.

Basi, leo hii tazama kabatini. Vidonge vilivyobaki virudishe zahanati au duka la dawa. Mahali pake weka paketi mbili za ORS.