Mistari Mitatu Kila Jioni

Wengi wenu mlijifunza kusoma na kuandika mkiwa watu wazima. Mlikwenda darasani jioni, mikono imechoka kwa jembe. Leo mnasoma gazeti hili wenyewe. Lakini nikiwauliza, "Jana uliandika nini?", wengi watanijibu, "Sikupata nafasi."

Mimi ni mganga wa zahanati ya kijiji, si mwalimu. Hata hivyo nataka tuzungumze juu ya nafasi hiyo, kwa sababu kuandika kidogo kila siku kunaweza kumsaidia mtoto wako apone.

Fikirini jambo hili. Mtoto mwenye homa analetwa zahanati. Ninauliza, "Homa ilianza lini?" Baba anasema juzi. Mama anasema tangu kabla ya siku ya soko. Bibi anasema alimpa vidonge vilivyobaki nyumbani, lakini hakumbuki ni vingapi. Hakuna anayesema uongo. Usiku wa kuuguza ni mrefu, na siku huchanganyika. Lakini homa ya siku 2 na homa ya siku 8 si kitu kimoja. Mtoto mwenye homa ya kila siku iliyozidi siku 7 inafaa apelekwe hospitali akachunguzwe zaidi.

Mama mmoja alikuja na daftari la shule la mwanawe mkubwa. Kurasa za nyuma alikuwa ameandika hivi: "Jumanne usiku homa. Jumatano homa, kakataa uji. Alhamisi asubuhi kaharisha mara 5, katapika." Basi, hayo tu. Herufi zilipanda na kushuka kama njia ya mlimani. Lakini kabla sijamgusa mtoto, nilikwishajua pa kuanzia.

Sasa nafasi itatoka wapi? Ukingoja siku usiyo na kazi, hutaandika mpaka uzeeke. Shika kazi moja unayoifanya kila siku, uandike hapo hapo. Mama, maharage yanapochemka huwa umekaa karibu na jiko unayalinda yasiungue. Hapo unapata muda wa mistari mitatu. Baba, ukishafunga zizi, usiende kwanza barazani kwa wenzako. Kaa, andika, ndipo uende. Ukisema "nitaandika nikirudi," unajua mwenyewe utakavyorudi.

Afadhali uandike kabla ya giza, kama saa 12 jioni. Utaokoa mafuta ya taa, na kifua chako hakitavuta moshi wa kibatari.

Uandike nini? Andika siku na tarehe. Andika nani anaumwa, na anaumwa nini. Andika dawa aliyopewa na saa aliyopewa. Kama wote ni wazima, andika "Wote wazima." Siku hiyo nayo ni muhimu, maana inaonyesha ugonjwa ulianza baada yake. Ukiandika "kuhala" badala ya "kuhara," usione haya. Mimi nitakuelewa.

Dawa ndiyo hasa inayotaka kuandikwa. Dawa mseto ya malaria hunywewa mara 6 kwa siku 3. Dawa ya pili hufuata baada ya saa 8. Mgonjwa akinywa ya kwanza saa 4 asubuhi, ya pili atakunywa saa 12 jioni. Kisha atakunywa asubuhi na jioni kwa siku 2 zinazofuata. Chora vistari 6 katika daftari. Kila akinywa, kata kimoja. Homa ikishuka siku ya pili, vistari vilivyobaki vitakukumbusha kwamba dawa haijaisha. Ndivyo ilivyo pia kwa vidonge vya zinki anavyopewa mtoto anayehara. Huendelea siku 10 hadi 14, kama alivyoelekeza mganga, ingawa tumbo limefunga siku ya tatu.

Kikohozi nacho huja polepole, na mtu hukizoea. Daftari halikizoei. Likionyesha wiki 2 zimepita na bado unakohoa, njoo upimwe kifua kikuu.

Akina mama, andikeni siku ya kwanza ya kila hedhi. Ukipata mimba, chukua tarehe ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, kisha hesabu miezi 9. Kama ilikuwa tarehe 10 Januari, tazamia kujifungua karibu na tarehe 17 Oktoba. Utajua pia lini uanze kliniki, maana inafaa uanze kabla ya wiki 12. Tarehe hizi ni siri yako. Weka alama unayoijua wewe tu, kama hutaki zisomwe na kila anayefungua daftari. Najua wako waume wanaodhani mke akiandika, anawaandika wao. Mwonyeshe ukurasa wa homa ya mtoto, atatulia.

Lakini sikilizeni vizuri. Daftari si dawa. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kuzimia, usikae kuandika. Mbebe uje mara moja, usiku au mchana.

Kalamu ya risasi inafaa kuliko ya wino, kwa kuwa maandishi yake hayayeyuki yakilowa. Weka daftari ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, juu, mbali na watoto na mchwa. Likijaa, usiwashie moto. Lifunge kwa kamba, uanze jingine.