Foleni isiyo na lori la kwanza

CHUKUA foleni ya malori mpakani. Kila dereva anaambiwa hapiti mpaka wa mbele yake apite. Wa mbele naye anamsubiri wa mbele yake. Kama foleni hiyo haina lori la kwanza, je, kuna hata moja litakalovuka?

Swali hilo, likihamishwa kutoka barabarani hadi kwenye wakati, limewagombanisha wasomi kwa karibu miaka 1,500. Aristotle alifundisha kuwa ulimwengu haukuwa na mwanzo. Mwaka 529, John Philoponus wa Alexandria alipinga: kama siku zilizopita hazina ukomo, leo imefikaje?

Al-Ghazali alilipeleka mbali zaidi. Katika Tahafut al-Falasifa, mwaka 1095, alileta hesabu ambayo muuza nafaka yeyote angeielewa. Jua huzunguka mara moja kwa mwaka, Zohali mara moja kwa miaka 30. Mizunguko ya jua basi ni mara 30 ya ile ya Zohali. Lakini wakati ukikosa mwanzo, yote haina idadi. Magunia 30 yatalinganaje na gunia moja? Na hakuishia kwenye hesabu: alitamka kuwa wanaoshikilia ulimwengu ni wa tangu na tangu wamekufuru.

Paris nako moto uliwaka. Mwaka 1277 askofu wa huko alipiga marufuku kauli 219, zikiwemo za umilele wa ulimwengu. Thomas Aquinas, aliyekufa miaka mitatu kabla, aliamini kuwa ulimwengu ulianza, ila alikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha hilo. Jibu lake wengi hulisahau, nalo ndilo zito: chagua siku yoyote iliyopita, kutoka hapo hadi leo ni siku za kuhesabika. Hakuna aliyetembea safari isiyo na mwisho.

Mizani ya Al-Ghazali nayo ilitikiswa na Georg Cantor, Mjerumani wa karne ya 19. Panga 1, 2, 3 upande mmoja, na 30, 60, 90 upande wa pili. Kila namba inapata mwenzake, hakuna inayobaki. William Lane Craig, katika kitabu chake cha 1979, anakubali hesabu hiyo kwenye karatasi, lakini anakataa kwamba vitu halisi vinaweza kuwepo hivyo.

Na malori? Kama kila moja limepita kwa kuwa la mbele lilipita, hakuna mgongano. Kama yote yamekwama, pia hakuna mgongano. Mantiki inaruhusu yote mawili, na haisemi ni nini kiliamua.