Zinki isiyoliwa haikulindi

HYATTSVILLE, Maryland – Unaijua betri ya tochi iliyosahauliwa ndani mpaka ganda likatoboka na uchafu ukavuja. Ganda lile ni zinki, nayo huliwa kadiri betri inavyotoa umeme. Chini ya mashua ya injini inayolala majini mambo ni hayo hayo, ila sisi tunayaita kutu tu.

Rafadha ya shaba ikishikana na chuma, vyote vikiwa majini, tayari ni betri, na madini dhaifu ndiyo huliwa. Waingereza waliipata habari hii kwa hasara. Mwaka 1761 manowari yao HMS Alarm ilivikwa mabati ya shaba kuzuia wadudu wa mbao. Miaka kama miwili baadaye misumari ya chuma ilikutwa imekwisha. Iliyosalimika ni ile iliyotenganishwa na shaba kwa karatasi iliyosahaulika katikati. (Mafundi wetu wa mtepe, walioshona mbao kwa kamba za makumbi, hawakuijua adha hii.)

Dawa ni kufunga kipande cha madini dhaifu zaidi, kiliwe hicho. Jirani yangu, mtu wa Mombasa, alinionyesha zinki yake kwa fahari: msimu mzima na bado mpya! Kumbe aliipaka rangi pamoja na mashua, ikashindwa kufanya kazi. Rafadha ilikuwa imegeuka rangi ya waridi, inamong'onyoka kama biskuti. Ingekuwa valvu iliyo chini ya maji, mashua ingezama gatini.

Maji nayo yana neno. Mto Anacostia hapa jirani ni maji baridi, na humo zinki hujifunika utando ikalala, inatakiwa magnesiamu. Ukishuka hadi ghuba ya Chesapeake chumvi inaongezeka, na magnesiamu itaisha upesi, funga aluminiamu. Kwa Unguja au Mombasa, zinki au aluminiamu. Kikiliwa nusu, badilisha.

Jambo la mwisho ni waya wa umeme wa gatini. Waya wake wa ardhi unaunganisha mashua yako na za majirani, kwa hiyo zinki yako inaweza kuwa inawalinda wao. Wapo wanaoukata. Usithubutu: hitilafu ikitokea, umeme unaweza kumuua aliye majini. Kuna kifaa cha kufungwa kwenye waya huo, kinachozuia mkondo mdogo unaokula madini na kuuacha ule wa hatari upite kwenda ardhini. Mwite fundi umeme wa mashua akufungie.