Kabla Hujalipia Laptopu ya Mwanafunzi wa Dizaini

Kati ya Septemba na Oktoba, vyuo vinafunguliwa na bonasi ya majani chai inaingia. Kuanzia Othaya hadi Karatina, Embu na Meru, simu zinaanza kupigwa: "Mum, lecturer amesema kila mtu awe na laptopu." Kwa familia nyingi, hiyo ndiyo malipo makubwa zaidi yatakayopita kwenye simu mwaka huo, ukitoa karo.

Ukilipia laptopu ambayo si sahihi, pesa imeshatoka. Sisi tunaona malipo tu, hatuoni mashine. Kwa hivyo kazi ya kukagua ni yako, na inafanywa kabla ya kuweka PIN.

1. Anza na programu, si bei

Muulize mwanafunzi swali moja: utatumia programu gani darasani? Dizaini si kitu kimoja.

Anayetengeneza mabango, nembo na vitabu kwa Photoshop na Illustrator anahitaji RAM ya GB 8 kwenda juu. GB 16 ndiyo inampa nafasi ya kufanya kazi bila mashine kukwama. Mwanafunzi wa uhandisi pale Dedan Kimathi anayechora kwa AutoCAD anahitaji vivyo hivyo. Anayefanya 3D, kwa mfano kwa Blender, atafaidika zaidi na laptopu yenye kadi ya picha ya kando. Lakini kama kazi ni mabango na kurasa za tovuti, usilipie kadi hiyo.

Figma na Canva zinafanya kazi ndani ya brauza. Hizo zinataka RAM ya kutosha na bando, si prosesa ya bei kali.

Pia kuna programu za bure kabisa: Inkscape, GIMP, Krita na Blender. Autodesk nayo huwapa wanafunzi AutoCAD bila malipo, mradi wathibitishe kwamba wako chuoni na wahuishe kila mwaka. Kwa hivyo ukiambiwa uongeze pesa kidogo uwekewe programu zilizovunjwa, kataa. Programu za aina hiyo mara nyingi huja na virusi vya kuiba nywila, na nywila yako ndiyo mlango wa pesa yako.

2. Vitu vinne vya kuangalia kwenye ex-UK

Laptopu nyingi za bei nafuu madukani ni ex-UK, yaani zilizotumika maofisini ng'ambo. Si mbaya. Mashine kama Lenovo ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 5490 zilitengenezewa kazi ya ofisi na ni ngumu. Lakini angalia:

- Kizazi cha prosesa. Soma nambari iliyo baada ya i5 au i7. i5-7300U ni kizazi cha 7. I5-8350U ni cha 8. I5-1135G7 ni cha 11. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka kizazi cha 8 kwenda juu, isipokuwa chache sana. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ni sababu moja ya kizazi cha 6 na 7 kuuzwa rahisi. Na usiamini jina la modeli pekee, kwa sababu modeli moja inaweza kuja na prosesa tofauti.
- RAM. Uliza kama inaweza kuongezwa. Ukipata yenye GB 8 na nafasi ya kuongeza, unaweza kununua nyingine muhula ujao. Kwa baadhi ya laptopu nyembamba, RAM imechomelewa na haiongezeki.
- SSD. Usichukue diski ya zamani inayozunguka. SSD ya GB 256 ni bora kuliko diski hiyo ya GB 500 kwa kazi hii.
- Skrini. Hapa wengi hupotea. Laptopu mbili zinazofanana kwa nje, moja ina skrini ya 1366 kwa 768 na nyingine 1920 kwa 1080. Kwa dizaini, chukua ya pili. Kisha itazame kutoka pembeni: rangi zikibadilika au zikiwa kama negativu ya picha, mwanafunzi hataweza kuamini rangi anazochagua.

3. Nusu saa dukani

Nenda na flashi yenye kazi halisi ya mwanafunzi, ile nzito zaidi. Ifungue pale dukani. Fungua pia brauza yenye kurasa kama kumi. Chomoa chaja na uendelee kutumia.

Halafu fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha ufungue ripoti itakayotengenezwa. Itakuonyesha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake sasa. Kama ilikuwa 50,000 na sasa ni 20,000, hiyo betri imebaki na chini ya nusu. Ama bei ishuke, ama betri ibadilishwe.

Jaribu kila kitufe, kila tundu, kamera na Wi-Fi. Zima, washa, na uhakikishe hakuna nywila inayoitishwa kabla Windows haijafunguka. Muuzaji akikuharakisha, kuna duka lingine.

4. Sasa lipa, lakini lipa vizuri

Lipa kwa nambari ya tili au ya paybill ya duka, si kwa nambari ya simu ya mtu binafsi. Jina likitokea kwenye skrini, lisome. Kama si jina la duka ulilosimama ndani yake, simama hapo hapo na uulize.

Ujumbe wa malipo unathibitisha kwamba ulilipa. Hauthibitishi ulinunua nini. Kwa hivyo itisha risiti yenye modeli, serial namba ya mashine iliyo chini ya laptopu, RAM, SSD na muda wa waranti.

Wakora wanapenda sana ule ujumbe wa "Mum, tuma nusu tu, naiweka kwa matatu saa hii, jioni iko Nyeri." Pesa ikishatumwa kwa mtu na kutolewa, kuirudisha ni ngumu sana, na mara nyingi haiwezekani. Kama laptopu iko Nairobi, mwombe ndugu au rafiki aliye huko aende aijaribu, alipie pale pale, kisha yeye mwenyewe ndiye aitume kama mzigo.

5. Kama pesa haitoshi

Lipa mdogo mdogo inasaidia, lakini piga hesabu yote. Tuseme bei ya cash ni KSh 38,000. Ukitoa KSh 10,000 mwanzo na KSh 1,000 kila wiki kwa wiki 40, utakuwa umelipa KSh 50,000. Hizo KSh 12,000 za juu zingeweza kununua RAM na kubakisha pesa ya bando.

Kama kuna muda, KSh 200 kwa siku kwenye akiba ya simu iliyofungwa ni KSh 36,000 kwa siku 180. Na mikopo ya simu ya muda mfupi si ya kununulia laptopu: riba yake inaanza kukula kabla mwanafunzi hajamaliza kazi ya kwanza.

Nyumbani usipochoka kuuliza maswali, muuzaji hatapata nafasi ya kukuchezea. Mpe mwanafunzi makala haya aende nayo dukani, na akikupigia kusema "nimejaribu, iko sawa," mwambie akusomee jina la tili kabla hujatuma chochote.